Tatizo la Matabibu Haliko Mlangoni

Kuna hoja inayotamba kila panapozungumzwa ubovu wa huduma za afya, iwe kwenye vipindi vya asubuhi vya redio au kwenye foleni ya zahanati yenyewe. Inasema matabibu wetu hawatoshi kwa sababu waliochukuliwa kusomea kazi hiyo hawakutosha tangu shuleni. Mgonjwa akiandikiwa dawa isiyo yake, lawama humshukia tabibu, kisha humfuata nyuma hadi kwenye cheti chake cha kidato cha nne. Tiba inayopendekezwa nayo ni ileile siku zote: pandisheni alama za kujiunga, futeni stashahada, ibaki shahada peke yake. Na ili kumaliza ubishi hutajwa Marekani, ambako siku hizi anayesomea usaidizi wa daktari, kazi inayofanana na ya tabibu wetu, hutoka chuoni na shahada ya uzamili.

Naipinga hoja hiyo, wala si kwa kuwa naridhika na hali ilivyo. Naipinga kwa sababu inaipeleka hasira ya haki mahali pasipo na kosa. Wakati sote tumekodolea macho mlangoni, wanaoyaharibu mafunzo huko ndani wanaendelea bila bughudha.

Kwanza tuzitazame sifa zenyewe, maana wengi wanaozilaumu hawajazisoma. Tanzania, anayeomba stashahada ya utabibu anatakiwa awe amefaulu mtihani wa kidato cha nne katika masomo yasiyopungua manne yasiyo ya dini, na humo lazima iwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza humwongezea nafasi. Kozi ni ya miaka 3. Kenya, kwa miaka mingi vyuo vya afya vya serikali, KMTC, vimekuwa vikitaka wastani wa C kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, kwa stashahada kama hiyo, pamoja na alama maalumu katika lugha na sayansi. Huko nako ni miaka 3, kisha mwaka mmoja wa mafunzo ya kazi hospitalini chini ya usimamizi, ndipo mtu asajiliwe. Anayekwenda udaktari kamili Tanzania hupitia kidato cha sita, husoma chuo kikuu miaka 5, kisha naye hufanya mwaka wake wa mafunzo hospitalini.

Ni kweli, mlango wa Tanzania uko chini. D ya Kemia, ambayo inatosha kumwingiza mtu, si alama ya kutamba nayo. Lakini anayesema D hiyo inaonyesha kipimo cha akili ya mtoto, atuambie pia mtoto huyo alisoma wapi. Rais Jakaya Kikwete alipoagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, agizo lile lilikuwa ni kukiri kwamba watoto wengi wa nchi hii walikuwa wakifanya mtihani wa sayansi bila kuingia maabara. Kuna mahali majengo yalikamilika, na kuna mahali yalibaki maboma. Mtoto wa Liwale aliyepata D ya Fizikia akiwa amesoma kwa kunakili daftari la mwenzake, na mtoto wa Dar es Salaam aliyepata B akiwa na maabara, mwalimu wa somo na mwalimu wa jioni, wamefanya karatasi moja lakini hawakupimwa kitu kimoja. Ukipandisha alama leo kabla ya kumpatia yule wa Liwale mwalimu wa Fizikia, unayemfungia nje ni yeye.

Na ni yeye huyo tunayemhitaji. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2010 kuhusu namna ya kuwapata na kuwabakiza wahudumu vijijini, lilipendekeza wanafunzi waliokulia vijijini wapewe kipaumbele katika udahili, kwa kuwa hao ndio wenye uwezekano mkubwa wa kwenda kufanya kazi huko na kukaa. Nchi inayotaka matabibu wa Uvinza, Liwale na Turkana, halafu ikaweka mchujo unaowapendelea waliokulia mijini, inajipinga yenyewe.

Wenye hoja ile watajibu kwamba afadhali tabibu mmoja hodari kuliko watano dhaifu, maana ugonjwa hauulizi mtu alikulia wapi. Hapo ndipo inatubidi tuangalie ushahidi, na bahati nzuri ushahidi upo, tena wa kwetu.

Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha kwamba wakati wa uhuru Tanganyika ilikuwa na madaktari 12 tu wa kizalendo. Nchi haikuweza kukaa ikisubiri. Mwaka 1963 yalianza mafunzo ya madaktari wasaidizi, wale ambao mahospitalini wanaitwa AMO. Sifa yao kuu ya kujiunga ilikuwa kazi: tabibu aliyekwisha kutumika miaka isiyopungua mitatu ndiye aliyepokelewa, akasoma miaka 2 zaidi, akatoka akiweza kumpasua mama aliyeshindwa kujifungua. Kwa miongo kadhaa hao ndio walioshika visu katika hospitali za wilaya. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika hospitali za mikoa ya Mwanza na Kigoma, ukichunguza upasuaji wa uzazi zaidi ya 1,000. Sehemu kubwa kabisa ilikuwa imefanywa na AMO. Watafiti walipolinganisha kazi yao na ya madaktari wenye shahada, hawakuona tofauti ya maana katika matokeo wala katika ubora wa huduma.

Msumbiji walifanya vivyo hivyo kuanzia mwaka 1984, vita vikiwa vimewafukuza madaktari mikoani. Walichukua wahudumu wenye uzoefu wakawafundisha upasuaji. Mwaka 1996 ulitoka ulinganisho wa upasuaji 2,071 wa kujifungua uliofanyika Maputo, kiasi cha nusu yake ukiwa wa mikono ya wasaidizi hao na uliobaki wa mabingwa wa uzazi. Tofauti ilikuwa ndogo mno. Kilichonigusa zaidi ni utafiti wa baadaye uliowafuatilia kazini: miaka 7 baada ya kuhitimu, 88% ya wasaidizi hao walikuwa bado kwenye hospitali za wilaya. Kati ya madaktari waliokuwa wamepelekwa huko, hakuwa amebaki hata mmoja. Mama mwenye uchungu wa siku mbili anahitaji mtu aliyepo usiku huo, ndani ya hospitali anayoweza kufikishwa akiwa hai.

Sitauficha upande wa pili wa habari hii. Mwaka 2011 jarida la BMJ lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti za namna hiyo. Vifo vya akina mama na vya watoto wachanga havikuonyesha tofauti ya maana kati ya waliopasuliwa na matabibu na waliopasuliwa na madaktari. Lakini maambukizi ya kidonda na mishono iliyoachia vilikuwa vingi zaidi kwa waliopasuliwa na matabibu. Wapinzani wangu hulishika tokeo hilo kwa mikono miwili, nami nawaomba walisome tena polepole. Mshono hauachii kwa sababu aliyeushona alipata D ya Fizikia miaka kumi iliyopita. Mshono ni kazi ya mkono uliozoezwa, na kidonda kisichooza kinategemea chumba kisafi, vifaa vilivyochemshwa vizuri, na mtu mzoefu aliyesimama kando ya mwanafunzi alipokuwa akishona mara ya kwanza, ya pili na ya ishirini. Kasoro hiyo iko ndani ya mafunzo na ndani ya hospitali. Ukimpeleka hapo kijana mwenye A tatu bila mambo hayo, mshono wake nao utaachia.

Kwa ushahidi ulio wazi zaidi twende Kigoma ya miaka ya 1980. Dk. Godfrey Mbaruku alipokuwa katika hospitali ya mkoa, mwaka 1984 vifo vya uzazi hospitalini hapo vilikuwa 933 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Mwaka 1991 vilikuwa 186. Katika miaka hiyo Kigoma haikuletewa kundi la wahudumu wenye vyeti vya kung'aa. Zilichukuliwa hatua 22, nyingi zikiwa za kutumia kilichokuwepo: wahudumu walinolewa papo hapo kazini, damu ikahakikishwa inapatikana, vifaa vikatunzwa na kutengenezwa, na vifo vikajadiliwa ili ijulikane kilichokosewa. Hakuna aliyerudi nyuma kukagua cheti cha shule cha mtu yeyote. Kama hoja ya alama ingekuwa kweli, Kigoma isingewezekana. Namtaja Mbaruku, ambaye sasa ni marehemu, kwa sababu jina lake halisikiki kabisa katika mijadala hii, ilhali alilijibu swali letu zaidi ya miaka 30 iliyopita.

Sasa Marekani, maana ndiyo rungu wanalotupigia. Mwaka 1965 Dk. Eugene Stead wa Chuo Kikuu cha Duke alianzisha kozi ya kwanza ya wasaidizi wa madaktari. Darasa lake lilikuwa na wanaume wanne waliotoka kwenye utumishi wa tiba katika jeshi la wanamaji. Watatu walihitimu mwaka 1967. Stead aliwachagua kwa sababu walikwisha kuona majeruhi, walikwisha kufunga vidonda na kufanya kazi bila daktari karibu. Hadi leo programu nyingi za huko humtaka mwombaji aje na mamia au maelfu ya saa za kuhudumia wagonjwa kabla hajapokelewa, na wakati wa masomo hupitishwa wodi kwa wodi kwa kiasi cha saa 2,000. Akimaliza anafanya mtihani wa taifa ndipo apate leseni, na leseni hiyo hudumu kwa masharti ya kuendelea kujisomea. Hayo yote ni mambo ya kuigwa. Wanaotutajia Marekani huyaruka yote wakachukua neno moja tu, uzamili.

Sharti hilo la uzamili nalo lina gharama yake. Chombo kinachoithibitisha mitaala hiyo kilitaka programu zote ziwe zinatoa shahada ya uzamili ifikapo mwaka 2020. Vyuo vidogo vya jamii, ambavyo ndivyo vilivyowapokea watu wazima wenye kazi na wasio na fedha, ilibidi vijiegeshe kwa vyuo vikuu au viache kufundisha kozi hiyo. Tangu miaka ya 1990, sehemu ya wasaidizi wa madaktari wanaofanya huduma za msingi Marekani imeshuka sana, wengi wakielekea kwa mabingwa wa upasuaji na fani nyingine zenye malipo. Sisemi shahada peke yake ndiyo iliyowahamisha. Nasema tu kwamba anayetaka tuige njia hiyo atuonyeshe ilivyomsaidia mgonjwa wa kijijini, naye sijaona akionyesha.

Na yuko jirani wa hoja hiyo ambaye hatajwi kabisa, Uingereza. Kule anayeingia kwenye kozi ya usaidizi wa daktari kwa kawaida ana shahada ya sayansi tayari, kisha anasoma miaka 2 zaidi. Mlango uko juu kuliko ndoto za wizara zetu. Hata hivyo ulizuka mgogoro mkubwa, wagonjwa wakidhani wameonwa na daktari kumbe sivyo, na chama cha madaktari kikapiga kelele, hadi serikali ikamwomba Profesa Gillian Leng aichunguze fani nzima. Ripoti yake ilitoka Julai 2025. Ilishauri wasaidizi hao wasiachiwe wagonjwa ambao ugonjwa wao haujatambuliwa, isipokuwa kwa miongozo iliyo wazi. Ikashauri pia wahitimu wapya wafanye kazi hospitalini miaka isiyopungua miwili kabla ya kupelekwa kwenye kliniki za mitaani, na kila mmoja awe na daktari anayejulikana wa kumsimamia. Watu wenye shahada mkononi na miaka miwili zaidi ya masomo, na bado dawa waliyoandikiwa ni muda wa kufundwa kazini na msimamizi aliye karibu.

Kwa hiyo turudi nyumbani, tuingie ndani ya vyuo.

Katika miaka 20 iliyopita vyuo vya afya vya binafsi vimechipua Tanzania na Kenya kwa kasi ambayo wodi hazikuweza kuifuata. Kitanda cha mgonjwa ndicho darasa la tabibu, na vitanda havikuongezwa kwa sababu tu mtu amefungua chuo. Matokeo yake unayaona ukienda kwenye hospitali yoyote ya wilaya siku ya mafunzo kwa vitendo: vijana wa koti jeupe wamemzunguka mama mmoja hadi anakosa hewa, wa mbele wanamwona, wa nyuma wanauona mgongo wa mwenzao. Daktari anayewafundisha ana wagonjwa wake wanaomsubiri. Jioni daftari la vitendo linasainiwa. Mwanafunzi ameandikiwa kuwa amezalisha, kumbe amesimama tu chumbani wakati mwenzake akizalisha, na huyo mwenzake naye alisaidiwa na mkunga aliyefanya kazi yote.

Baada ya miaka 3 ya namna hiyo, kijana anapangiwa zahanati iliyo saa nyingi kutoka hospitalini, barabara ya vumbi, na usiku wa kwanza analetewa mtoto anayetetemeka kwa degedege ya malaria, au mjamzito ambaye presha imepanda na kuanza kukakamaa. Anachohitaji wakati huo ni kuwa amekwisha kuiona hali hiyo mara nyingi, amekwisha kupima dozi ya magnesiamu kwa mkono wake mtu akimwangalia, na ana namba ya simu ya daktari wa wilaya ambaye atapokea. Mkimpa alama ya juu kidato cha nne mkamnyima hayo matatu, mmemuua mgonjwa vilevile.

Hili ndilo linalonikera katika kampeni ya kupandisha sifa. Inawapendeza wote wenye madaraka kwa sababu haimgusi yeyote kati yao. Mwenye chuo haulizwi ana wakufunzi wangapi waliowahi kufanya kazi wodini. Halmashauri haiulizwi ni lini daktari wa wilaya alikitembelea kituo cha afya akakaa na tabibu kupitia mafaili ya wagonjwa. Hazina haiulizwi posho za walio mafunzoni. Anayebeba mzigo ni mtoto wa miaka 17 aliyefanya mtihani mwezi wa Novemba. Maafisa tabibu wa Kenya walipogoma mwaka 2024 kwa zaidi ya miezi mitatu, kati ya madai yao kulikuwa na wahitimu kupangiwa mahali pa kufanyia mafunzo ya kazi. Walikuwa wakililia nafasi ya kufundwa. Serikali inayochelewa kuwapangia vijana mwaka wao wa mafunzo haina ujasiri wa kutuambia kwamba udhaifu ulianzia kwenye KCSE.

Ninachotaka ni hesabu ya aina nyingine. NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi Tanzania, na mamlaka za Kenya zitangaze hadharani, chuo kwa chuo, mwanafunzi mmoja anapata vitanda vingapi na anashuhudia akina mama wangapi wakijifungua kabla ya kuhitimu, na idadi ya wanaodahiliwa ifuate vitanda, si ukubwa wa ukumbi. Mwaka wa mafunzo ya kazi kama ule wa Kenya uwe sharti la usajili kwa kila tabibu wa Afrika Mashariki, wenye posho na msimamizi anayetajwa kwa jina. Mtihani wa kutoka uwe mgumu kweli, ufanyike mbele ya mgonjwa, na watahiniwa wasipimwe na chuo chao wenyewe. Katika udahili, mbali na alama, ihesabiwe kazi: aliyekuwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii miaka miwili, aliyesaidia wodini, aliyetoka wilaya yenye upungufu. Mtu wa namna hiyo akiwa na D yake ya Kemia nitamwamini kuliko mwenye B anayekuja utabibu kwa sababu amekosa udaktari na anahesabu siku za kuondoka.

Wako wanaotetea shahada kwa sababu nyingine, nao nawaheshimu zaidi: ni matabibu wenyewe. Wanasema bila shahada mshahara haupandi, wakubwa hawawasikilizi, na mtu aliyeokoa watoto kwa miaka kumi anapitwa cheo na kijana aliyemaliza chuo juzi. Wana haki kabisa. Lakini wanachodai ni ngazi ya kupandia, wala hawadai ukuta wa kuwazuia wadogo zao wasiingie. Kenya ilikwisha kujenga vipande vya ngazi hiyo, tabibu mwenye uzoefu akisomea stashahada ya juu ya usingizi, macho au watoto, na vyuo vikuu vikatoa shahada ya utabibu kwa wanaotaka. Tanzania nayo inamruhusu tabibu mwenye GPA ya 3.0 kuomba udaktari. Akikubaliwa, hata hivyo, anaanzia mwaka wa kwanza pamoja na waliotoka kidato cha sita juzi, miaka yake yote ya kuzalisha, kufunga mifupa na kutibu nimonia ikihesabika kuwa si kitu.

Vyuo vikuu vyetu vinaweza kulibadili hilo bila kushusha kiwango hata kidogo. Vimpime tabibu anachokijua, kwa mtihani wa maandishi na wa wodini. Akifaulu, vimwondolee masomo anayoyamudu na vimwanzishe mwaka wa pili au wa tatu, kisha vimdai arudi wilaya aliyotoka kwa muda utakaoandikwa kwenye mkataba. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) na Baraza la Madaktari Tanganyika wanaweza kukaa pamoja na kuandaa mtihani huo.